Bibi Tausi Yuko Jikoni

Kibirichia,
Jumapili, baada ya kanisa

Kwako Murungi, mume wangu mtoro,

Muga? Mimi ni mzima, kama unajali. Magoti yananiuma kwa baridi ya mlima, lakini mdomo hauumi, na hilo utaliona hapa. Wewe najua u mzima, kwa maana mgonjwa hukumbuka kwao. Krismasi mbili zimepita mguu wako haujakanyaga boma hili. Nilikupa jina la babu yako ili nipate mume wa kunisumbua uzeeni, na babu yako hata akipeleka ng'ombe Isiolo alikuwa anarudi. Wewe uko hapo Embu tu, unapita Karurumo nilikozaliwa, na ndugu zangu wanakuona dirishani mwa gari umeinamia simu. Huoni haya?

Anayeandika ni Kagwiria, binti wa jirani yetu Njura, yule anayesomea ualimu. Nimemwambia asilainishe neno. Simu siitaki, maana nikianza kukugombeza unasema uko kwa mkutano, inakatika. Barua haikatiki. Marete atakuletea akishuka na lori la viazi.

Sasa sikia. Mjomba wako Mithika alikuja na nyundo begani, akaniambia umetuma mtungi wa gesi na pesa za jiko jipya la vigae, na hili la zamani libomolewe. Nikamuuliza vile vitabu vyako vya katuni vilivyoko darini, juu ya moto, vitaenda wapi. Akasema alikupigia, ukamjibu achome tu, uliacha mambo ya watoto zamani, na siku hizi ukitaka kujua yule shujaa wa vitabu hivyo, Kijana Radi, amefikia wapi unachungulia televisheni kidogo ili usiachwe nyuma kwa stori za ofisini. Achome! Kama maganda! Mimi sijakanyaga darasa, lakini vitabu hivyo nimevitia moshi miaka yote mchwa wasivile. Kila msimu tukipanga mbegu za viazi zichipue, Mithika anataka karatasi za vitabu hivyo atandike, na kila msimu namfukuza. Ananiambia karatasi ni karatasi. Kichwa chake ndicho karatasi.

Au umesahau? Ulikuwa unakaa kwenye kigoda, mimi namenya viazi, unanisomea maneno ya yale mapovu yanayotoka vinywani mwa watu. Huyo Radi mwenyewe na umeme wake wa viganjani sikumjali sana. Mimi nilimpenda nyanya yake, Bibi Tausi, yule chongo aliyepiga majambazi kwa mwiko. Hakusoma, na hakuogopa mtu. Nilikuwa nacheka mpaka viazi vinaniponyoka. Ulipoenda chuo nikabaki na picha bila sauti.

Basi juzi Njura akaniambia Kijana Radi sasa anaonyeshwa kwenye televisheni, niende kwake nitazame. Nikaenda na kigoda changu, nikakaa mbele kabisa. Kweli walikuwa wale wale, wanatembea na kupumua. Mara daraja likavunjika, Bibi Tausi akaanguka mtoni akasombwa, na watu wakamwombolezea bila hata mwili wa kuzika. Nilisimama, Murungi. Niliwatukana watu wa televisheni kwa Kimeru, na Kimeru kilipoisha nikachukua Kiembu. Nikasema ni waongo, Bibi Tausi aliuogelea huo mto kwenda kununua ugoro ng'ambo, akarudi, na tangu hapo yuko jikoni anapika, ndiyo sababu haonekani. Watoto wa Njura walicheka wakagaragara. Mmoja akasema Cucu, yaani mimi nyanya mzima, amekunywa dawa mara mbili. Nikamwambia yeye ni dawa ya ng'ombe.

Nikamburuta Kagwiria mpaka kwangu, nikapanda ngazi mwenyewe na magoti haya, nikavishusha vitabu asome ushahidi. Nilikuwa nimepanga kumwaibisha Njura mbele ya kanisa zima. Tukafika pale mtoni. Nikaweka kidole juu ya mkono wa Bibi Tausi ulio nje ya maji, nikamwambia asome pale anaposema maji ni baridi kama salamu za mkwe. Kagwiria akaurudia ukurasa kutoka juu. Kisha akaniambia polepole kwamba maneno hayo hayapo. Imeandikwa kwamba Radi anamwita nyanya yake, anamwita tena, na hajibiwi.

Tukafungua kitabu kilichofuata, na kingine. Hayumo. Yale yote uliyosema anapaza sauti kutoka jikoni, kumwambia Radi avae sweta, kumwambia jambazi apanguse miguu kabla ya kuingia, hayakuandikwa popote.

Hasira ikanipanda. Nikasema mtoto huyu amenicheza miaka hii yote kwa kuwa sijui kusoma. Nikakirudisha kile kitabu cha mto mikononi nikitupe motoni mimi mwenyewe, na ndipo nikalitambua jalada. Ndicho kitabu mama yako Lydiah alichokununulia sokoni Meru, wiki ile aliyolazwa. Ulinisomea tukiwa tumetoka kumzika.

Ulikuwa na kimo cha jembe. Umetoka kumtupia mama yako udongo, ukafungua ukurasa ambao nyanya anakufa, na mimi binti yangu yuko kaburini na kisu cha viazi kiko mkononi. Ukakataa kuyasoma yaliyoandikwa. Ukamweka mwanamke huyo jikoni ili asife mtu mwingine siku hiyo. Na ukaendelea kumtunza, kitabu baada ya kitabu, mimi nikicheka kama mjinga.

Hasira yangu haijaisha, imehama tu. Nakasirika kwamba mtoto alinibebea mzigo na mimi nikamwagiza maji. Nakasirika kwamba sasa unataka kulibomoa jiko hilo ukiwa mbali, kwa nyundo ya Mithika, usione yaliyomo. Nimeshamfukuza na nyundo yake. Gesi nimewapa wanakwaya wachemshie chai.

Kagwiria anakusalimu, ingawa amelia akaloanisha karatasi ya kwanza tukaanza upya. Njura anakusalimu, simsalimu yeye bado. Ndugu zangu wa Karurumo wasalimie kwa mkono, si kwa dirisha.

Na siku ukija, usiniletee mkate wala sukari. Ingia kwa mlango wa nyuma, keti kwenye kigoda chako, uanzie pale daraja linapovunjika. Usisome kilichoandikwa. Soma kama ulivyosoma. Mimi utanikuta jikoni.

Ni mimi mke wako wa kwanza,
Cucu Kagure