Fundo la Papa Ntaboba

Mdogo wangu Yohana,

Nakusalimu wewe na wote wa nyumbani Kalehe. Leo nimeshinda ufukoni Nyalukemba na mvuvi mzee, Papa Ntaboba. Wiki hii samaki watatu wamemponyoka, kwa sababu uzi mpya wa nailoni ulichomoka kwenye kamba yake ya pamba. Mwanawe akamwambia, "Papa, mikono yako imechoka. Uniachie tu mutumbwi."

"Mikono iko na nguvu," mzee akajibu. "Hii nailoni ndiyo inateleza sawa kambale!"

Akafunga fundo la baba zetu, akavuta, likafunguka. Akajaribu lingine, nalo likateleza. Mwanawe akacheka, mimi sikuweza. Mara ya tatu akaizungusha nailoni mara sita juu ya kamba, akapitisha ncha chini ya mizunguko hiyo, akalilowesha fundo kwa mate, akakaza polepole.

"Sasa vuta weye, kijana."

Kijana akavuta mpaka kamba ikamkata kiganja. Fundo halikusogea. Akachukua kasia, akaketi nyuma ya mtumbwi.

"Twende, Papa. Weye utavua, miye nitapiga kasia."

Nailoni niliyokupa ya kuvulia, uifunge hivyo. Mungu akutunzie mke na watoto.

Kaka yako,
Petro