Mwisho Uliofungiwa Bhajia

Mama yangu,

Shikamoo. Shikamoo tena, kwa vile sikukupigia simu siku hizi zote na najua umeninunia. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua unaitumia, au umeshampa shangazi? Mimi huku Maskati ni mzima, alhamdulillahi, joto tu ndilo linalotutoa roho. Vitanda natandika, mashuka nabadilisha, kazi ile ile ya marehemu Baba kule Diani. Lakini leo siandiki habari za mashuka. Kaa kitako, epua karai, usije ukaunguza bhajia kwa sababu yangu.

Mama, kitabu changu kitachapishwa! Piga vigelegele, na majirani wakiuliza kuna harusi gani, waambie!

Wachapishaji wa Nairobi walinijibu mwezi huu. Hadithi wameipenda, tena wanasema mwisho wake ndio uliowafanya wakubali. Wakaniletea mkataba niutie sahihi kwamba kazi yote ni yangu, sikuchukua ya mtu. Hapo ndipo mwanao alipoingiwa na baridi, na hicho ndicho kisa cha kimya changu.

Unakikumbuka kile kitabu cha jalada la kijani? Baba alikuja nacho kutoka hotelini, katika vile vilivyoachwa na wageni. Kila kitabu kilichoingia kwetu kilikuwa na mabwana wawili, mimi na karai lako. Mimi nasoma kuanzia mbele, wewe unachana kutoka nyuma, unawafungia wateja bhajia pale stendi ya Ukunda. Karatasi yenye herufi za Kiarabu hukuitia mafuta hata siku moja. Uliikunja ukaiweka juu ya kabati, isije ikawa na jina la Mwenyezi Mungu. Lakini Kiingereza? Wee! Kiingereza kililoa mafuta bila huruma.

Kile cha kijani kilikuwa na kisa cha mjane mwoka mikate, huko nchi za baridi. Shemeji zake wakamfukuza nyumbani, naye akaondoka na ufunguo wa mlango ameuficha kifuani. Hapo kurasa zikaisha. Nililia, Mama! Nikakwambia umewalisha watu hadithi yangu. Nawe ukanijibu huku unageuza bhajia, "Kelele! Kwani huna kichwa? Imalize mwenyewe, kisha uje unisimulie. Hata mimi nataka kujua kama alirudi."

Kwanza nikamuua. Ukasema, "Astaghfirullah! Tumeteseka naye kote huko, uje umuue? Huo bado mbichi, rudisha jikoni." Nikamwoza kwa tajiri. Ukanicheka mbele ya wateja, "Na ufunguo je? Aliuficha wa nini?" Basi nikamrudisha alfajiri. Akafungua mlango polepole, shemeji zake wamelala fofofo, akawasha tanuri lake akaanza kuoka bila kumsemesha mtu. Wakaamshwa na harufu ya mikate. Uliacha kugeuza bhajia, Mama. Kisha ukasema, "Hapo sasa," ukanipa bhajia ya bure, wewe ambaye hata kadhi asingeipata bure kwako.

Sasa mjane wa kitabu changu ni wa Msambweni, anauza mkate wa kumimina, na shemeji zake wanaitaka minazi ya marehemu mumewe, shamba zima. Watu ni wangu, maneno ni yangu. Lakini ufunguo ule umo, na alfajiri ile imo. Je, kama yule mwandishi wa kitabu cha kijani naye alimrudisha alfajiri? Basi mimi ni mwizi, na sahihi yangu ni uongo. Na wachapishaji wanasema nisipotia sahihi kabla mwezi haujaisha, nafasi yangu atapewa mwingine. Usingizi ulinihama.

Marisel, Mfilipino ninayekaa naye chumba kimoja, ndiye aliyekisaka kitabu kwenye simu yake mpaka akakipata, kikaagizwa. Kilipofika nilijifungia stoo ya mashuka. Nikafungua pale pale ulipochania.

Mama, ameolewa na tajiri! Ndiyo, ule ule mwisho ulionichekea! Na ufunguo haukutajwa tena, mwandishi ameusahau kabisa. Nilicheka mpaka Marisel akagonga mlango, akidhani nimerukwa na akili. "Kuna nini humo?" Nikamwambia, "Mama yangu amemshinda mwandishi!"

Sahihi nilitia saa ile ile, juu ya rundo la mataulo, na moyo mweupe. Watu huuliza waandishi hupata wapi hadithi zao. Mimi nilizipata vitabuni, sitakataa, lakini hasa pale vilipochanika, na wewe umesimama juu ya karai unangoja nikuambie kama alirudi.

Nisalimie kaka Bakari, aliyekuwa akisema kusoma kwangu ni uvivu tu, umwambie mvivu anamsalimu. Nisalimie shangazi wa Jego, na jirani yetu Bi Mejumaa pamoja na bintiye Saumu, yule uliyesema anasoma karatasi za bhajia kabla hajala bhajia zenyewe.

Nitakuletea vitabu viwili. Kimoja kiweke juu ya kabati, chini ya zile karatasi ulizozikunja. Cha pili mpe Saumu, lakini kwanza chana sura ya mwisho uwafungie wateja. Akija analia, la kumwambia unalijua.

Ni mimi kitinda mimba wako,
Mwanasiti