Salamu ya Kemi

Jumanne, 15 Oktoba

Pikipiki ya mwinjilisti haijawaka. Plagi nimebadilisha, kabureta nimesafisha, bado. Mchana nikaiacha hapo gereji, nikanawa mikono kwa petroli, nikaenda kumchukua Kemi shuleni. Mke wangu Jovina yuko zamu ya mchana wodini wiki nzima, kwa hiyo mtoto ni wangu.

Kitengo chao cha watoto wenye mahitaji maalumu ni darasa moja nyuma ya shule. Nilikuta madawati yamesukumwa ukutani na Mwalimu Adela anazunguka, mikono hewani, anamfuata mwanangu. Kemi akisimama, naye anasimama. Kemi akigonganisha migongo ya viganja, naye hivyo hivyo. Mtu mzima.

Nikamwambia mwalimu kwamba mtoto nimemleta asome, si kucheza ngoma. Akasema, "Baba Kemi, kwanza ajue kuna mtu mwingine humu ndani. Herufi zitakuja." Wala hakukasirika. Mimi ndiye nimerudi na hasira.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mama yangu, Mae, amepiga simu kutoka kijijini Ijumbi. Krismasi anataka watoto wake wote nyumbani, na wajukuu wote. Nilijua kinachofuata.

Kila Krismasi wajukuu hupanga mstari sebuleni. Mmoja mmoja, wasichana wanapiga magoti, wavulana wanainama, Mae anawawekea mkono kichwani, anawabariki. Mwaka jana zamu ya Kemi ilipofika, dada yangu Devota alimkandamiza mabega ili magoti yashuke. Kemi akamng'ata. Mbele ya ukoo mzima. Mae akasema nisimlete tena mpaka ajue kusalimia.

Leo kauliza, "Huyo omwana, amejua?"

Nikasema anajifunza. Uongo mtupu. Kemi ana miaka saba na hajawahi kumsalimia hata mama yake. Daktari alisema usonji. Mae anasema malezi.

Asipokaribishwa Kemi, hatuendi. Jovina ameshasema na mimi nimekubali. Lakini Mae anazeeka, na mimi ndiye mwanawe wa kwanza. Inaniuma.

Jumamosi, 2 Novemba

Mvua asubuhi, kazi hakuna. Jovina akaniambia nijaribu mambo ya Mwalimu Adela walau leo, sitakufa.

Basi uani. Kemi ana mwendo wake: hatua mbele, hatua nyuma, anazunguka, anagonganisha migongo ya viganja. Anaweza kuurudia mpaka ugali unaiva. Nikaanza kumfuata. Nilijiona mjinga. Mama Asimwe wa jirani akachungulia juu ya ua: "Baba Kemi, umeokoka?" Nikamwambia bado, ndiyo naanza.

Nikachoka, nikasimama nipumzike. Kemi akazunguka peke yake mara moja. Kisha akasimama na yeye. Akanitazama. Si begani, si kwenye vifungo vya shati. Usoni.

Sijui niandike nini zaidi. Alinitazama.

Jumatano, 13 Novemba

Kila jioni sasa, kabla ya kuoga. Jana niliongeza kishindo cha mguu mwishoni. Akaniangalia kama nimemwaga chai. Leo kishindo kakipiga yeye kwanza. Nikacheka, naye akacheka.

Shuleni mwalimu anachora silabi sakafuni kwa chaki, anaita, watoto wanarukia. Kemi amerukia "ma", amerukia "ka". Nimeona kwa macho yangu. Nikamwomba mwalimu msamaha kwa maneno yale ya mwanzo. Akasema amezoea wazazi.

Pikipiki ya mwinjilisti imewaka. Ilikuwa koili.

Jumapili, 24 Novemba

Nimeharibu.

Nilijiambia, kama amechukua kishindo, atachukua na magoti. Baada ya ibada tukaanza mchezo. Mwishoni nikapiga magoti. Hakufuata. Nikarudia. Nikarudia tena, nikasema, "Piga magoti, Kemi." Nikamvuta mkono. Kidogo tu.

Akapiga yowe la kusikika barabarani. Akajing'ata kifundo cha mkono, akaingia nyuma ya simtanki la maji na kukaa huko mpaka mama yake aliporudi.

Jovina aliuliza swali moja tu: "Ulikuwa unacheza na mtoto, au unamfanyia mazoezi ya Krismasi ya mama yako?"

Najichukia.

Ijumaa, 6 Desemba

Shule zimefungwa. Kwa karibu wiki mbili Kemi ameniona kama kiti. Nikiingia uani, anatoka.

Mwalimu Adela alinishauri nianze upya na nisiongeze kitu. Mfuate tu, alisema, na usiwe na lako. Hilo "usiwe na lako" ndilo gumu. Nimekaa karibu naye kila siku. Akijitikisa, najitikisa. Akiacha, naacha. Senene wameanguka, leo Jovina alikuwa anawanyonyoa mbawa kwenye ungo na Kemi yuko pembeni anayumba. Nami nikayumba. Ghafla akagonganisha viganja, akanigeukia, akangoja.

Alikuwa ananingoja mimi! Nikagonganisha. Machozi yakanitoka, spana ikiwa mfukoni. Jovina akajifanya anaangalia senene.

Nimempigia Mae. Nimemwambia tunakuja wote watatu na Kemi hajui kupiga magoti. Akasema, "Bojo, mwanangu, njoo basi, tutaona." Hakusema karibu, lakini mlango haukufungwa.

Jumatano, 25 Desemba, Ijumbi

Jana tulipofika Kemi aliingia kibanjani moja kwa moja, akawa anashika mgomba mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyemsumbua. Devota alimkwepa.

Leo baada ya kanisa, mstari. Sebule imetandikwa nyasi mbichi, Mae kwenye kiti chake. Wajukuu wakapita, mkono kichwani, mkono kichwani. Kemi alisimama ukutani akiangalia mkono ule. Nilidhani anaangalia dirisha.

Mstari ukaisha. Mae akanitazama. Kemi akatoka ukutani na kuanza mwendo wake katikati ya sebule. Watoto wakacheka. Mdogo wangu akaangalia sakafu kwa aibu.

Nikavua viatu, nikamfuata. Shati la kanisani, miaka arobaini na kitu. Mbele, nyuma, zunguka, viganja. Tukamalizia na kishindo. Halafu nikapiga magoti mbele ya Mae. Sikumwambia Kemi apige. Zamu ilikuwa ya nyumba yangu na mtu wa nyumba yangu alipaswa kusalimia. Kwetu mwanamume hasalimii kwa magoti. Kicheko kikakatika.

Kemi alisimama. Hakupiga magoti. Alikuja mbele yangu, akaniwekea kiganja kichwani. Akakiacha pale kama Mae anavyokiacha, kwa utulivu, bila haraka. Kisha akagonganisha viganja, akarudi ukutani.

Devota akaenda jikoni. Mae akasema leteni chakula.

Sijui maana yake nini. Nimekula sikusikia ladha. Nina furaha na nina hofu.

Alhamisi, 26 Desemba

Manyunyu. Nilikuwa nje napangusa pikipiki ya mdogo wangu. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Mae amekaa chini anamenya ndizi, Kemi amesimama mlangoni.

Mae hakumwita. Alimenya nyingine moja. Kisha akaweka kisu chini, akavua kitambaa cha kichwa, mvi zote nje. Akainamisha kichwa.

Kemi akazunguka kikapu cha maganda. Akazunguka tena. Tambara langu la kupangusia lilikuwa limeganda kwenye tangi la pikipiki. Akamwendea bibi yake, akaweka mkono.

Mae hakusogea mpaka mkono ulipoondoka. Akafunga kitambaa chake, akachukua kisu, akaendelea na ndizi. Kemi akakaa karibu na maganda.

Mchana tumefunga mizigo. Mae ametupatia mkungu mzima wa ndizi na maharage. Amesema Pasaka tusichelewe, na mstari ukipangwa Kemi akae naye mbele.