Betri ya Spika

Shenyang, 9 Aprili 2013

Dada Yuqin,

Shikamoo. Za Guangzhou? Shemeji bado goti linamsumbua? Huku tu wazima, isipokuwa Mama. Kwenye simu ningeshindwa kusema, ndiyo maana naandika.

Tangu mwezi wa pili Mama analala kaelekea ukuta. Hacheki, halii, uji anaonja kijiko kimoja. Daktari kasema ni sonona. Kampa vidonge, akaniuliza, "Alikuwa anapenda nini?" Nikajibu, kucheza dansi uwanjani na kikundi cha wenzake. Akasema, "Mrudishe huko. Mwili ukitikisika, moyo nao huchungulia nje."

Dada, mimi ndiye niliyemtoa. Spika ya kikundi ilikuwa inakaa kwetu, Mama ndiye mtunzaji. Saa kumi na mbili jioni muziki unaanza chini ya dirisha, na mimi nina zamu ya usiku, usingizi wangu ndio huo. Nikaichomoa betri, nikaitupa mtoni. Wenzake wakadhani Mama kaiuza. Bi Tong, yule muuza tofu, akamwambia mbele ya watu, "Mke wa mwalimu, kumbe mkono mrefu!" Hakushuka tena.

Jioni, nikiwa katikati ya usingizi na macho, naiona mikono yake ikipanda juu ya blanketi, taratibu, kama majani ndani ya maji. Anacheza amelala.

Nifanyeje?

Mdogo wako,
Deshun

Guangzhou, 20 Aprili

Deshun,

Barua imefika. Shemeji yako anachechemea na kulalamika, kwa hiyo ni mzima. Wewe ndiye sijui kama u mzima.

Nakujua: utanunua betri mpya, uiweke mlangoni kimyakimya. Usithubutu. Betri itarudi, jina la Mama halitarudi. Nenda uwanjani, sema mbele ya haohao. Kabla hujasema, usiniandikie.

Dada yako

Shenyang, 26 Mei

Dada,

Shikamoo. Nimekawia. Mara tatu nilifika uwanjani, nikageuka.

Jana nilisema. Pamba za miti zilikuwa zinaelea hewani, uwanja mweupe kama ndoto. Spika haina betri, wanahesabu kwa mdomo, moja mpaka nane: mke wa daktari, wafagiaji, walimu wastaafu, mstari mmoja. Nikasema yote.

"Jitu zima na mvi zako!" Bi Tong akanifokea. "Umemponza mama yako kwa ajili ya usingizi? Si ungeziba masikio!"

Wengine wakacheka. Kisha Bi Tong akatangulia kuelekea kwetu. Wakapanda ngazi wote kumi na saba, mimi nyuma.

Bi Tong akakaa kwenye kitanda cha Mama. "Dada mkubwa, nimekukosea. Mwizi ni huyu wako."

Mama akauambia ukuta, "Najua. Nilimwona akishuka, kitu kakifunga kwenye taulo langu."

"Sasa mbona ulituacha tukutukane?"

"Ningesema nini? Mngemwita mwanangu mwizi."

Mama akageuka, akaniangalia, akasema, "Nipe soksi."

Nilimvalisha mwenyewe. Wakamshusha polepole, wakamsimamisha katikati yao, wakaanza kuhesabu chinichini. Mama kasimama tu, pamba zinamtua kwenye nywele, hatikisiki. Nane ya kwanza ikapita. Nane ya pili ikapita. Kwenye nane ya tatu nikaona kisigino chake kimeinuka.

Mdogo wako,
Deshun