Ndege za Mama Zilizobaki Urusi

Kilrush, 9 Novemba 2021

Mpendwa dada Dervla,

Habari za Dublin? Huku hatujambo, ila mvua haikati na magoti ya Mama hayampi nafasi. Mlezi wake, Assumpta, anakuja kila asubuhi. Anamwogesha, anamwashia moto, wanamsengenya padri.

Nimesikia kwa Mama, si kwako, kwamba pesa zote za lile shamba la bondeni tuliloliuza ameziweka kwenye hisa za kampuni hiyo unakofanya kazi, ya kukodisha ndege. Dervla, pesa hizo ndizo zinazomlipa Assumpta. Ndizo zinazomweka Mama nyumbani kwake. Mimi nakodisha eskaveta za kuchimba mitaro, biashara hii naijua. Faida ya asilimia saba kwa mwaka ni tamu, sikatai. Lakini kabla mtu hajaondoka na mashine yangu huwa najiuliza: lori langu litafika huko kuirudisha? Ndege zenu ziko wapi?

Kaka yako,
Colman

Dublin, 4 Januari 2022

Kaka Colman,

Heri ya mwaka mpya. Natumaini kifua chako kimepona. Mwambie Mama soksi alizonifumia zimenikaa vizuri.

Karibu nusu ya ndege ziko Urusi, na Warusi wanalipa kwa wakati kuliko hao wakulima wanaokodi mashine zako. Tuna mikataba, tuna bima, tuna mawakili wa kujaza ghorofa mbili. Ndege si mashine ya kuchimba mitaro, kaka. Acha kumtisha Mama na habari za malori.

Mdogo wako,
Dervla

Kilrush, 2 Mei 2022

Dervla,

Hujambo? Tangu Urusi ianze vita nakupigia simu hupokei, kwa hiyo naandika.

Redioni wanasema Warusi wamekataa kuzirudisha ndege zenu, wamezisajili upya kwao na wanazirusha kama za baba yao. Watu wa bima hawalipi, wanasema mwende mahakamani. Hisa za Mama leo hazinunui hata gunia la makaa. Assumpta nimemlipa mwenyewe mpaka Pasaka. Dizeli imepanda, kazi hakuna, siwezi tena. Jumatatu ijayo nampeleka Mama makao ya wazee Ennis. Ameniuliza kama ni kwa sababu ya magoti. Nimesema ndiyo.

Sikuandikii nikutukane. Hilo nitalifanya ukiwa mbele yangu. Njoo umwone.

Kaka yako,
Colman

Ennis, 18 Septemba 2022

Kaka yangu,

U hali gani? Mimi si mzima sana. Leo nimekuja makao bila kukuambia. Niliogopa nitakukuta mlangoni.

Mama alikuwa kwenye kiti, amevaa koti, vifungo vyote vimefungwa. Muuguzi akacheka, "Kila siku anajiandaa hivyo, dada." Mama akanishika mkono.

"Umekuja na gari?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi twende. Nyumba itakuwa imepoa."

Nikamwambia tunywe chai kwanza. Chai ilipofika hakuigusa. Alianza kuwaaga wenzake, mmoja mmoja, kwa majina, na mmoja akamwambia, "Nenda salama, una bahati wewe." Nikasema naenda kuwasha gari.

Barua hii naiandikia garini. Dirisha lake naliona hapa, naye amesimama. Nitaiacha barua kwa muuguzi mlangoni akupe ukija, kisha niondoke.

Mwambie Mama gari limeharibika.

Mdogo wako,
Dervla