Siku Mama Yako Alipowakaribisha Wageni

Mjukuu wangu Baraka,

Sisi tuko wazima. Babu anakohoa kidogo lakini kelele zake ziko palepale. Umeniuliza kwa nini mama yako hukaribisha watu hata akiwa hana kitu. Huyo mtoto wangu alianza zamani!

Miaka ya tisini, tukikaa mtaa wa Umoja, babu alikuwa ameachishwa kazi kiwandani. Zamu yetu ya kupokea wenzetu wa kanisa kwa maombi ya nyumbani ikafika, na hatukuwa na maziwa wala mkate. Kwa aibu nikapanga kuwaambia mlangoni kwamba naumwa. Walipobisha, mama yako, wa darasa la tatu tu, akanitangulia.

"Karibuni! Leo ni chai ya rangi, lakini ni moto!"

Nilitamani kuingia chini ya kitanda. Mama Atieno, yule wa vilemba vikubwa kanisani, akacheka mpaka akaketi.

"Mama Nekesa, kumbe ni sisi wote! Mimi nakunywa hiyohiyo tangu mwezi jana, nimejifungia ndani watu wasijue."

Siku hiyo tuliombeana shida zetu zenyewe, tukizitaja moja moja. Wakitoka, Mama Atieno akanishika mkono, akasema, "Wewe ulizaa."

Na kweli, Baraka, nilizaa!

Ni mimi nyanya yako,
Mama Nekesa