Beti ya tatu ya Muzee Kataliko

Fabiola, uko wapi?? Acha hiyo sahani ya sombe, soma kwanza.

Natoka Mabanga, kwenye kilio ya Muzee Kataliko. Guylain wetu, yule aliyemufuata muzee kwenye kila buvette ya pombe, hata muzee akiimbia viti tupu, leo ametuaibisha. Halafu akatutoa machozi.

Korali ilianza ule wimbo wa kuagana, tunaouimba kwenye kila ndoa na kila kilio. Guylain akaruka: "Ni yeye aliutunga! Semeni jina yake!"

Papa mwenye mikro, kiongozi wa kilio, akacheka: "Kijana, kaa. Ule ni wimbo wa mababu. Hata nyanya yangu aliuimba."

Wa mababu!! 😭 Mutu amelala pale kwenye sanduku, wanamuimbia wimbo wake mwenyewe, na bado wanamunyima!

Guylain hakukaa. Unajua sauti yake, mbuzi aliyesahauliwa kwenye mvua. Aliona hakuna siku ingine ya kulitaja lile jina. Akaimba beti ya tatu, ile ambayo korali hazijuagi. Sauti moja tu ikamufuata kutoka kwenye mikeka: Mama Thérèse, mujane wa muzee. Beti yenyewe inamutaja yeye.

Nilikuwa nimejiandaa kumuchekelea, Fabi. Nilishindwa.

Walipomaliza, mwenye mikro akasema: "Aksanti. Tuendelee na wimbo ingine."

Bado ni wa mababu, Fabi!!

Mama Thérèse akamushika Guylain mukono: "Mutoto wangu, tumebaki wawili tunaoijua. Usinitangulie."